SUKARI YA ASUBUHI INATOKA WAPI?



Hapa Kisangani wengi wetu tunajua mtu mwenye ugonjwa wa sukari. Tuseme ni mama mukubwa wako. Mangaribi alikula lituma kidogo na samaki, akalala. Asubuhi, mbele ya kunywa chai, anapima: 190! Watu wa nyumba wanaanza kumusemea: «Mama, uliiba mikate usiku.» Yeye analia, juu hakugusa kitu. Je, anadanga?

Hapana. Inaweza kabisa kupanda bila kula. Maini yetu iko sawa depo, inaweka akiba ya sukari. Tangu karibu saa tisa ya usiku mwili unajitayarisha kuamuka. Unatuma hormoni, kama vile kortisoli, na maini inafungua depo. Kwa mtu asiye mgonjwa, pankreasi inatoa insulini mara moja, sukari inabaki vizuri. Kwa mgonjwa, insulini ni kidogo ao haifanyi kazi sawasawa, basi sukari inapanda.

Lakini kuko sababu zingine: chakula kingi cha usiku, dawa ya mangaribi isiyotosha, ao insulini iliyoharibika na joto. Ile isiyofunguliwa bado inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8.

Namna gani kujua? Kwa usiku mbili ao tatu, pima mara tatu: wakati wa kulala, saa tisa ya usiku, na asubuhi. Andika yote katika kaye.

1. Kama iko juu tangu wakati wa kulala, angalieni kwanza chakula cha mangaribi na dawa.
2. Kama mara mbili za kwanza ni nzuri, asubuhi tu iko juu, ni ile depo ya maini.
3. Kama saa tisa iko chini ya 70, hatari! Mupe mara moja maji ya sukari, kama anaweza kumeza. Mtu wa namna hii akiongeza insulini ya usiku kwa mawazo yake mwenyewe, anaweza kufa.

Kwa wakubwa wengi wenye ugonjwa huu, waganga wanatafuta asubuhi kati ya 80 na 130. Kupunguza ao kuongeza dawa ni kazi ya mganga. Yetu sisi wanafunzi ni kuamuka saa tisa, kushika taa, kuandika numero, na kupeleka kaye pamoja na mama kwa mganga. Na tuache kumusemea.