Sikio kwanza, herufi baadaye

Ukipita asubuhi karibu na darasa la awali Kiromo, Zinga au Kerege, huku Bagamoyo, wimbo utakufikia kabla hujamwona mtoto. Wanaimba irabu, wanaimba siku za wiki, wanahesabu kwa mahadhi, na mzazi aliyesimama barabarani huondoka roho yake imetulia: wamejua. Mimi kazi yangu ni kuwanoa walimu wa watoto wadogo, na ombi langu ni kwamba tusikilize kwa makini zaidi. Kwenye kiitikio cha pamoja, wachache wanaojua huwabeba wenzao, na sikio la mwalimu haliwezi kumbaini anayebebwa. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, yako madarasa yaliyokipita kiwango hicho kwa mbali, na ndiyo maana kiitikio kimekuwa kimbilio.

Wimbo si wa kulaumiwa. Wimbo hufundisha pale unapomwachia mtoto kazi ya kufanya ndani yake: aongeze neno lililoachwa wazi, apige kofi mahali pake, abadilishe sauti moja. Akikariri tu, atatoka na mahadhi, basi.

Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto wa miaka minne na mitano ambao walikuwa bado hawajaanza kusoma. Walisomewa maneno machache, kisha wakaulizwa ni lipi lisilofanana kwa sauti na mengine. Waliokuwa hodari katika mchezo huo ndio waliokuja kusoma na kuandika vizuri zaidi miaka iliyofuata, na waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti zake walipiga hatua. Utafiti huo ulisaidia kuvipa vina vya watoto heshima katika elimu ya awali.

Lakini utafiti ule ulikuwa wa Kiingereza. Kina cha Kiingereza hukata silabi katikati: konsonanti ya mwanzo hubadilika, mkia hubaki. Chetu ni silabi nzima, na kila anayetunga mashairi analijua hilo. "Kata" na "pita" yana kina kimoja, nacho ni "ta". Mtoto wa Kiswahili basi huingia kwenye kusoma kupitia silabi, na kazi ya kwanza ya wimbo ni kumfanya aisikie silabi ikiwa imesimama peke yake.

Mpe makofi. "Mnazi" ni makofi matatu: m-na-zi. "Mbuzi" ni mawili tu: mbu-zi. Maneno yote mawili yanaanza kwa herufi "m", lakini katika la kwanza "m" ni silabi kamili, na katika la pili imeshikana na "b". Hapa ndipo watoto wetu wanapokwama darasa la kwanza na la pili: mmoja ataandika "buzi", mwingine "goma" badala ya "ngoma", na mzazi atasema mtoto hana makini. Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliochunguza tahajia za watoto wa Tanzania walichapisha mwaka 2007 makala nzima kuhusu konsonanti zinazofuatana katika Kiswahili, kwa hiyo ugumu huu si uzembe wa mtoto. Tunajisifu kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli, ila anayeandika lazima kwanza asikie anachotamka.

Watoto wa pwani wana hazina ya mchezo huu mlangoni kwao, nayo ni samaki. Chora duara mchangani, liite tenga. Mwalimu anaimba, kwa mahadhi yoyote anayopenda: "Ngalawa imetia nanga, tenga langu li wazi, niletee samaki wa 'ta'." Anayenyooshewa kidole, yeye peke yake, anajibu: tasi! Anayefuata: taa! Wa tatu akisema changu, wenzake wanamkatalia, na kukataa kwao ni ushahidi kwamba wamesikia. Tenga la "ka" litapata kaa na kamba. Wakishazoea silabi, panda ngazi: tenga la "ch" lipokee changu na chewa, ambao wanashirikiana sauti ya mwanzo tu. Mwisho kabisa fungua tenga la "ng", kwa ngisi na nguru. Binafsi naupenda mchezo huu kuliko chati yoyote ya ukutani, kwa sababu mtoto aliyekua karibu na mnada wa samaki anawajua wote hawa kabla ya kuijua shule.

Watoto wakubwa kidogo wana kinyume, ile lugha ya siri ya kurudisha silabi ya mwisho mbele, changu ikawa "ngucha" na tasi ikawa "sita". Mmisionari Edward Steere aliweka mifano ya kinyume cha Unguja katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Mwalimu anayewakataza wanafunzi kusema kinyume anawanyang'anya zoezi bora kabisa la kuvunja neno na kuliunda upya.

Bagamoyo haina uhaba wa mapigo. Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kipo tangu 1981, na tamasha lake huujaza mji ngoma. Ngoma inafaa kuliko kofi kwa mtoto mwenye haya: anapiga silabi za jina lake bila kulazimika kutoa sauti. Wazazi wanaopeleka watoto shule za Kiingereza kati ya Bunju na Mapinga nao nawasihi: nyimbo za Kiingereza ziimbwe, ila mtoto aambiwe zinasema nini, na nyumbani bibi aendelee kuimba za kwake. Vipindi vya runinga kama Akili and Me, vinavyotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, vinasaidia. Lakini runinga haiwezi kusikia mtoto amejibu nini, kwa hiyo mtu mzima akae karibu.

Kuna jambo moja ambalo wimbo wa zamu, ule ambao kila mtoto hujibu peke yake, hulifichua na kiitikio hulificha. Mtoto anayefuata vitendo vyote vizuri akiwa anawatazama wenzake, lakini akigeuzwa mgongo hajui wimbo umefika wapi, huenda hasikii sawasawa. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto wa miaka minne hawezi kukueleza. Mwalimu akiona hivyo amkalishe mbele, kisha amwite mama yake siku hiyohiyo, wakubaliane lini atapelekwa kupimwa masikio.