Mtungi Mtupu na Fisi Asemaye: Jinsi Kisa Kinavyoaminika Mbele ya Hadhira

Utangulizi

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kikundi chetu cha uigizaji kilialikwa kutumbuiza katika shule moja ya upili. Tuliandaa vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa ngano inayofahamika na wengi, ile ya fisi aliyefika njia panda akanusa nyama pande zote mbili. Cha pili kilikuwa tamthilia fupi tuliyoitunga wenyewe, kuhusu mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji zake. Ngano ilitambwa na mwenzetu mmoja aliyesimama peke yake, leso kiunoni, bila kifaa chochote mkononi. Tamthilia nayo ilikuwa na kila kitu: meza, viti, jembe, taa ya chemni, na hata mlango wa mbao tuliouazima kwa fundi seremala.

Fisi alipotia mguu mmoja njia ya kulia na mwingine njia ya kushoto, ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wapo walioinuka vitini kutazama jinsi atakavyopasuka msamba. Kisha ikawadia zamu ya mjane. Aliingia jukwaani akitoka kisimani, mtungi kichwani, akiushikilia kwa vidole viwili huku akigeuza shingo huku na huko kuzungumza na jirani yake. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akapaza sauti: "Huo mtungi mtupu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu hapo hapakuwa tena na mjane wala shamba. Palikuwa na wanachuo waliovaa nguo za kuazima.

Swali lililotusumbua njia nzima tukirejea chuoni ni hili: iliwezekanaje hadhira ile ile, alasiri ile ile, imwamini fisi asemaye lakini ikatae kumwamini mjane ambaye wengi wao wana shangazi kama yeye nyumbani? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo. Hoja yake kuu ni kwamba kisa hakiaminiki kwa sababu kimefanana na maisha. Huaminika pale ambapo fanani anaheshimu masharti aliyokubaliana na hadhira yake, na pale ambapo hakosei katika jambo ambalo hadhira hiyo inalijua kumshinda yeye.

Uhalisia na Kuaminika

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa katika mijadala yetu ya darasani. Uhalisia ni mkondo wa kifasihi uliopata nguvu barani Ulaya katika karne ya 19, na ambao wafuasi wake walijitahidi kuyachora maisha ya kila siku jinsi yalivyo. Kuaminika, kwa upande mwingine, ni sifa inayohitajika na kila kazi ya sanaa inayosimulia au kuigiza kisa, iwe ya kihalisia au isiwe. Ngano si ya kihalisia, lakini ni sharti iaminike.

Aristotle alilitambua hili katika karne ya 4 K.K. alipotoa hoja kwamba, katika utunzi, jambo lisilowezekana lakini linaloaminika ni bora kuliko jambo linalowezekana lakini lisiloaminika. Fisi asemaye hawezekani, ila aliaminika. Mjane atokaye kisimani yupo katika kila kijiji, ila wetu hakuaminika. Zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Aristotle, mnamo 1817, mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alieleza kuwa msomaji wa ushairi huiweka shaka yake kando kwa hiari. Neno "hiari" ni la kuzingatiwa. Kinachotolewa kwa hiari hakidaiwi kwa nguvu, na aliyekitoa anaweza kukitwaa tena wakati wowote. Mwanafunzi yule wa nyuma alikuwa ametwaa chake.

Mkataba wa Mtambaji na Hadhira

Katika fasihi simulizi yetu, hiari hiyo haikai kimya moyoni. Hutamkwa. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", pande mbili zimetia sahihi mkataba. Mtambaji ameomba ruhusa ya kuondoka katika ulimwengu wa kawaida, na hadhira imemruhusu, tena imekubali kufuatana naye. Ndiyo maana hakuna mtoto anayeuliza fisi alijifunza wapi kusema. Swali hilo lilikwisha kujibiwa mlangoni.

Hata hivyo, mkataba huo hauna maana kwamba lolote lawezekana. Ulimwengu wa ngano una sheria zake, na hadhira huzilinda kwa ukali. Fisi ni mlafi. Sungura ni mjanja. Ahadi iliyovunjwa hulipwa. Mtambaji akimfanya fisi agawe nyama yake bila sababu, watoto watapinga papo hapo, ingawa hawakupinga aliposema. Kusema kulikuwa ndani ya mkataba. Ukarimu wa ghafla haukuwemo.

Fauka ya hayo, hadhira ya ngano haikai kama watu waliokuja kuonyeshwa kitu. Huitikia wimbo, humalizia sentensi, hucheka kabla ya fisi kufika njia panda kwa kuwa inajua kitakachotokea. Mtu anayeimba kiitikio cha msichana aliyepotea msituni hawezi wakati huo huo kusimama kando akikagua iwapo msitu upo. Amekwisha kuwa mmoja wa waliomo. Jamii nyingi zilitamba ngano usiku, na zilikataza kuzitamba mchana. Katazo hilo lililinda kazi za mchana, lakini pia giza lilimsaidia mtambaji: palipokuwa hapaonekani kitu, sauti ilitosha kujenga mto, pango na zimwi. "Chubwi!" moja ilitosha kumtosa sungura majini.

Hapa pana funzo kwa sisi tunaotumwa nyanjani kukusanya data. Mara nyingi tunarejea na maneno ya ngano pekee, tukiyaandika kikamilifu, kisha tunashangaa kwamba yamepooza kwenye karatasi. Tumeacha nyuma kiimbo, kimya cha mtambaji kabla ya zimwi kuingia, na majibu ya watoto. Tumeleta nusu ya mkataba. Sahihi ya upande wa pili haipo.

Jambo Dogo Linalojulikana na Wengi

Turudi kwenye mtungi. Tamthilia yetu haikuwa na mianzo ya "Paukwa." Meza, viti na mlango vilikuwa vimeiambia hadhira jambo jingine: haya ni maisha kama mnavyoyajua, tupimeni kwa hayo. Hadhira ikatupima. Wengi wa wasichana waliokuwa pale walikuwa wamebeba maji tangu utotoni. Walijua kwamba mtungi uliojaa hukaza shingo, hupunguza hatua, na humfanya mtu ageuze mwili mzima badala ya kichwa. Kuhusu sheria ya mirathi tungaliweza kukosea bila kugunduliwa. Kuhusu mtungi, la.

Kanuni inayojitokeza ni kwamba msanii anapaswa kuchunga zaidi pale ambapo hadhira ndiyo mtaalamu. Mfano bora nchini Kenya ni ule wa Kamiriithu, Limuru. Mnamo 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, na mwenzake Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya Kikuyu, ikaigizwa na wakulima na wafanyakazi wa eneo hilo. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walisimama wakitazama, na walisahihisha: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Sehemu ya nyimbo za arusi ilitokana na mama wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika, aliyeitamka neno baada ya neno ili inakiliwe. Wasomi waliokuwa na shahada walikaa chini wakafundishwa maisha ambayo walikuwa wameyaandika.

Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, na kufikia tarehe 16 Novemba mwaka huo serikali ilikuwa imefuta leseni yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo huo. Ni vigumu kufikiri kwamba mchezo usioaminika ungaliwatia watawala wasiwasi kiasi hicho. Waliokuja kutazama walijiona, na waliokuwa wakiigiza hawakulazimika kukisia uzito wa jembe.

Je, hii ina maana kwamba msanii aigize tu yale aliyoyaishi? Hasha. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kote nchini kwa jina la Mzee Ojwang' kupitia vipindi vya televisheni kama vile Vitimbi na Vioja Mahakamani. Watazamaji wengi walimdhania kuwa Mluo kutokana na lafudhi ya mhusika wake, ilhali yeye alikuwa Mkikuyu. Wapo waigizaji wengi wanaoiga lafudhi za makabila mengine kwa dhihaka, na huwa tunawachoka upesi. Lafudhi ya Mzee Ojwang' haikuwa pambo la kuchekeshea tu. Ilikwenda sambamba na mwendo wake, hasira zake na namna yake ya kukaa kitini, na haikumtoka kipindi baada ya kipindi. Anachohitaji msanii asiyeyaishi maisha ya mhusika ni kuyachunguza kwa subira na heshima, kisha kuwa thabiti.

Kuamini bila Kusahau

Huenda mtu akauliza: iwapo hadhira itaamini kabisa, je, haitakuwa imedanganywa? Swali hili lilimshughulisha sana mwandishi Mjerumani Bertolt Brecht, ambaye alitaka hadhira itazame jukwaa ikiwa macho, ikihoji, bila kusahau kwamba inatazama mchezo. Ebrahim Hussein wa Tanzania, aliyesomea uzamifu mjini Berlin, anatajwa mara nyingi na wahakiki katika mjadala huu. Katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) aliichukua sanaa ya utambaji na kuiweka katika tamthilia, palipo na msimulizi anayeonekana waziwazi kuwa msimulizi. Jambo hili halipaswi kutushangaza. Bibi aliyetamba ngano jikoni hakujificha kwamba yeye ni bibi. Alikuwa fisi kwa sauti, akachochea moto kwa mkono, akawa fisi tena. Watoto waliamini bila kusahau.

Kinjeketile (1969) ya mwandishi huyo huyo inalifikisha suala hili mbali zaidi. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ingawa Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake si nakala ya Kinjeketile wa historia. Kiini cha tamthilia ni imani yenyewe: neno la mtu mmoja kuhusu maji linaaminiwa na umma, linawaunganisha, kisha linampita nguvu aliyelisema. Watu wanakwenda kukabili risasi. Anayetaka kujua uzito wa kazi ya kuwafanya wengine waamini na asome tamthilia hiyo. Tofauti ya msanii na mlaghai ni kwamba msanii ametangaza mkataba wake mlangoni, na mwishoni huirudisha hadhira salama. "Hadithi yangu imeishia hapo" si pambo. Ni kuufungua mlango ili watu warudi makwao.

Nasaha kwa Wanaoigiza Vitabu Teule

Vikundi vingi vya wanafunzi huzunguka shuleni kuigiza tamthilia teule kwa watahiniwa wa KCSE. Kazi hii ina uzito, kwa kuwa mtahiniwa huenda akakumbuka alichokiona kuliko alichokisoma. Kichekesho kilichopachikwa ili ukumbi ulipuke kinaweza kuingia katika karatasi ya mtihani kama tukio la kitabuni.

Kwanza, kikundi kiamue mapema masharti ya ulimwengu wake na kisiyabadilishe njiani. Ikiwa kiti kimoja ni gari, kibaki gari hadi gari liondolewe. Pili, kila mwigizaji ajiulize mhusika wake anataka nini katika onyesho hilo. Anayemwigiza Sara katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege asiigize ugonjwa kwa kugumia tangu mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa wa kweli hujitahidi kuonekana mzima mbele ya wageni, na jitihada hiyo ndiyo inayotuuma. Tatu, mazoezi yahudhuriwe na watu wanaoyajua maisha yanayoigizwa, nao waruhusiwe kukatiza. Nne, vifaa vipunguzwe. Kifaa kimoja kinachotumiwa sawasawa kina faida kuliko kumi vinavyotazamwa tu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuaminika hakununuliwi kwa mandhari wala maleba. Hutokana na mkataba unaoheshimiwa, na hutokana na usahihi katika yale mambo madogo ambayo hadhira inayajua kwa shingo na viganja vyake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaipenda lugha, na hili ni jema, ila mara nyingi tunapopanda jukwaani tunaitumainia lugha pekee itubebee mzigo ambao mwili wetu umekataa kuubeba.

Muhula uliofuata tuliigiza tamthilia ile ile katika shule nyingine. Mlango wa fundi tuliuacha chuoni. Mtungi tuliutia maji hadi nusu. Mwenzetu aliingia polepole, shingo imekaza, na jirani alipomwita aligeuka mwili mzima. Alipoutua, maji kidogo yalimwagika sakafuni. Hakuna aliyesema neno, na mashemeji walipoingia kudai shamba, msichana mmoja katika safu ya mbele alisikika akimwonya mjane asitie kidole kwenye karatasi ile.