Sanduku la Barua Pepe la Chama



Wengi mmeniuliza juu ya kompyuta inayopokea barua pepe za chama, ambayo imo nyumbani kwangu juu ya kabati, mbali na watoto. Yafaa nieleze, maana chombo ni cha chama wala si changu.

Mtakumbuka kwamba kijana wa mwanachama mwenzetu, aliyeko Maskati, aliletewa barua yenye jina la chama ikimtaka apeleke mchango wa majamvi kwa nambari ya simu tusiyoijua. Bahati alimpigia mzee wake kwanza. Barua ile hatukuiandika sisi. Kanuni ya kupelekea barua pepe, iitwayo SMTP, iliandikwa mwaka 1982 na Jon Postel wa Marekani, na ndani yake hamna kinachomzuia mtu kujiandika jina la mwenziwe. Ni kama bahasha: nyuma yake waandika utakalo.

Basi tulinunua jina letu la mtandaoni na kompyuta ndogo ya mitumba. Nikatia Linux, kisha Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua aliyoitunga Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, na Dovecot, inayomfungulia kila mtu sanduku lake asome. Zote hazilipiwi. Kuzitia ilikuwa kazi ya siku moja. Kuzilinda ndiko kulikonikesha.

Asubuhi ya kwanza nilifungua kumbukumbu za seva nikakuta watu nisiowajua wamebisha usiku kucha wakibahatisha neno la siri. Seva inayokubali kumpelekea barua kila mpita njia hutafutwa sana na matapeli, na ikipatikana jina la mwenyewe huharibika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo yetu haimpelekei mtu asiyejitambulisha kwa neno la siri refu, na Fail2ban humfungia mlango anayekosea mara kadhaa. Barua hupita njiani zikiwa zimefumbwa, kwa cheti cha bure cha Let's Encrypt. Cheti hicho hakidumu ila miezi michache, basi nimekiwekea mpango kijihuishe chenyewe.

Ama juu ya barua za uwongo, dawa ni maandishi matatu yanayowekwa hadharani pamoja na jina letu. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutupelekea barua. DKIM ni muhuri: ufunguo wa kuupigia hauondoki kwetu, na ufunguo wa kuukagua uko wazi kwa wote. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyolingana na hayo. Sisi tumemwambia aikatae. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huzidai alama hizi, khasa kwa wenye kupeleka barua nyingi. Lakini hazimzuii tapeli kununua jina linalofanana na letu kwa herufi moja pungufu. Chama hakiombi fedha kwa barua pepe. Ukiona barua ya namna hiyo, mpigie Mweka Hazina.

Kulikuwa na taabu moja ambayo sikuitazamia. Wiki mbili barua zetu hazikufika. Kumbe kampuni ya intaneti imefunga lango 25, ambalo seva hupelekeana barua, na hata lisingefungwa, wapokeaji wengi huzikataa anwani za majumbani. Nimelipia anwani isiyobadilika ili barua zituingie, na zinazotoka hupitia kampuni ya kupeleka barua, ambayo nayo imetajwa katika SPF. Umeme ukikatika msihofu: seva ya mwandishi kwa kawaida hurudia kujaribu kwa siku nne au tano. Nakala ya kila wiki, iliyofumbwa, iko kwa Mweka Hazina.

Kinachonitia wasiwasi ni mimi mwenyewe. Nikisafiri au nikiugua, hapana mwingine anayejua kuiendesha. Maneno ya siri nimeyatia katika bahasha iliyofungwa kwa Mwenyekiti, lakini bahasha haitengenezi seva. Nawaomba vijana wawili waje kwangu Jumamosi baada ya sala ya alasiri, walete daftari. Wakikosekana, nitaiambia Halmashauri kabla ya uchumaji kuanza kwamba ni bora tulipie kampuni itutunzie sanduku, na jina letu na maandishi yale matatu tutahama nayo.

Katibu