Siku ya Urithi ya Afrika ya Kusini na Jambo la Lugha

Tarehe 24 Septemba kila mwaka ni sikukuu ya taifa zima katika Afrika ya Kusini, na jina lake kwa Kiswahili lafaa kuwa Siku ya Urithi. Jina hilo laonekana jepesi, lakini mtu akilitazama katika lugha za nchi yenyewe ataona kwamba wananchi hawasemi jambo moja. Kiswahili kilipokea urithi na mirathi kutoka shina moja la Kiarabu, na maneno yote mawili yataka kuwepo marehemu aliyeacha mali na mtu mwenye haki ya kuitwaa. Kiafrikana (au Kikaburu, kama wengi wa pwani walivyozoea kukiita) husema Erfenisdag, yaani siku ya kilichorithiwa. Kitswana kina boswa, neno ambalo ni vigumu kulisikia bila kukumbuka kitenzi -swa, ndicho -fa cha Kiswahili. Kizulu chapita njia nyingine. Usuku Lwamagugu ni siku ya vitu vya thamani, vya kutunzwa kama tunu. Wala hapana marehemu ndani yake.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu, kwani mabishano mengi juu ya sikukuu hii yameizunguka: je, kinachosherehekewa ni kile kilichoachwa na waliotangulia, au ni kile wanachokithamini walio hai?

Asili ya sikukuu ni mapatano ya kisiasa. Kabla yake Wazulu waliiadhimisha tarehe hiyo kwa kumkumbuka Mfalme Shaka, aliyeuawa mwaka 1828. Baada ya uchaguzi wa Aprili 1994, mswada wa sheria ya sikukuu uliiacha nje siku ya Shaka, na chama cha Inkatha kikapinga vikali. Suluhu iliyopatikana ni kuibakiza tarehe na kuipa jina ambalo kila mtu angeweza kuliitikia. Sheria Na. 36 ya 1994 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Hata hivyo Wazulu hawakuacha kukusanyika KwaDukuza kwa ajili ya mfalme wao, na hapana sababu ya kuwalaumu.

Mashuleni na maofisini watu huvaa mavazi ya asili. Tangu 2005 pamekuwa pia na harakati ya kuifanya iwe siku ya kuchoma nyama, na mwaka 2007 Askofu Mkuu Desmond Tutu alikubali kuwa mlezi wake. Wako waliosema kwamba urithi umeteremshwa kuwa jambo la tumbo. Mwanaisimu hana haja ya kuidharau nyama hiyo: braai ni neno la Kiafrikana, lakini katika vitongoji husemwa shisa nyama, ambapo nyama ni ile ile ya Kiswahili, na mpangilio tu ndio uliopinduliwa ukilinganishwa na nyama choma.

Jambo zito zaidi limo katika ngao ya taifa. Tarehe 27 Aprili 2000 Rais Thabo Mbeki aliizindua ngao mpya yenye wito !ke e: ǀxarra ǁke, maana yake watu walio mbalimbali wakutane, wawe kitu kimoja. Lugha yake ni Kiǀxam, lugha ya vidoko iliyosemwa na Wasani wa Rasi, na ambayo haina msemaji hata mmoja. Yajulikana kwa sababu Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd, tangu 1870, waliiandika Cape Town kutoka vinywani mwa watu kama ǁKabbo, ambao baadhi yao waliletwa huko kama wafungwa. Madaftari yao yana kurasa zaidi ya 12,000. Bleek ndiye yule yule aliyeieneza istilahi “Bantu” katika sarufi linganishi yake, iliyoanza kuchapwa mwaka 1862, na Kiswahili hakina budi kumtaja kila kinapoeleza ukoo wake.

Lugha hiyo ilichaguliwa, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa si ya kundi lolote lililo hai, basi hapana ambaye angeona mwenzake amependelewa. Hoja hiyo ina busara ya kisiasa, lakini pia ina ukatili wake. Katiba ya 1996 iliorodhesha lugha rasmi 11, na lugha ya alama ikawa ya 12 mwezi wa Julai 2023. Lugha za Kikhoi, Kinama na Kisani zimeahidiwa kuendelezwa tu. Kizulu, ambacho katika sensa ya 2022 kilitajwa na asilimia 24.4 ya watu kuwa lugha ya nyumbani, chaweza kujitetea chenyewe. Kinǀuu hakiwezi. Huko Upington, Bibi Katrina Esau, aliyetunukiwa Nishani ya Mbuyu na taifa mwaka 2014, aliwafundisha watoto majina ya wanyama na ya viungo vya mwili ili lugha hiyo isifuate njia ya Kiǀxam. Hapa boswa lasema kweli kuliko amagugu.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Kati ya 1873 na 1880 watumwa mia kadhaa waliokombolewa baharini na manowari za Kiingereza walipelekwa Durban kutoka Unguja. Wakaitwa Wazanzibari, ijapokuwa wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji, na Unguja kwao ilikuwa bandari ya kupitia tu. Serikali ya ubaguzi, iliyotaka kila mtu awe na kisanduku chake, iliwatia katika kundi la “Waasia Wengine”, ikawahamisha kutoka King's Rest hadi Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Kimakua chao, ambacho wazee walikihifadhi kwa vizazi kadhaa, hakimo katika zile lugha 12.