Wageni wa Hori ya Mida na Haki Yao Kwetu

Kila mwaka, baada ya kulea kifaranga mmoja ndani ya shimo la mchanga katika fukwe na visiwa vya upande wa Uarabuni, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene huja katika hori yetu ya Mida, kusini mwa Malindi. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Chakula chake ni kaa. Maji yakipwa, ndege hawa hutawanyika matopeni kuwinda. Yakijaa, hukusanyika kwa mamia kando ya mikoko.

Vijana wetu wameunda kikundi cha kuwatazama na kuwahesabu, na kuwaongoza wageni. Lakini darubini yao ni moja. Mmoja akiishika, wenzake hukisia. Na kwa kukisia hatutajua iwapo ndege wanapungua.

Baadhi ya waumini wametuuliza: yafaa kuchangia ndege ilhali mayatima wapo? Swali hilo ni la haki. Zaka ina mafungu yake manane, nayo hatutaigusa. Tunaomba sadaka ya hiari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumtendea wema kila chenye uhai kuna ujira. Tena kijana apataye riziki kwa kuongoza watalii ana sababu ya kuulinda mkoko usikatwe.

Sanduku litawekwa mlangoni Ijumaa ijayo, upande wa wanaume na wa wanawake, na hesabu itasomwa hadharani. Darubini zikipatikana, watoto wa madrasa ndio watakaotangulia kuzishika. Mwenyezi Mungu atutakabalie.