Mikeka Ikishakunjwa: Namna ya Kumliwaza Aliyefiwa



Ndugu msomaji, kwenda msibani sote tunajua. Tunajua kupokezana jeneza, kusimama safu za swala ya maiti, kutoa rambirambi na kusema, "Poleni, kazi ya Mungu haina makosa." Tunalolipuuza ni lile linalofuata. Mikeka imekunjwa, wageni waliotoka Makambako wamepanda basi, na ndani ya nyumba wamebaki mama, watoto watatu na ukimya. Kuwa pamoja na watu hao wakati huo ndiko kunakoitwa ushauri nasaha kwa wafiwa. Tunataka kueleza ni kazi gani hiyo, na kwa nini inatuhusu sisi wa madrasa kabla ya kumhusu daktari.

Jina lenyewe limepata mkosi katika mikoa yetu. Miaka ya 2000 wengi walilisikia kwa mara ya kwanza katika vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, hivyo ukimwambia mtu aende kupata ushauri nasaha anaona kuwa umemshuku. Lakini nasaha ni neno letu tangu zamani, nalo ni kumtakia mwenzio kheri kwa moyo safi. Na mnasihi mzuri haanzi kwa kusema. Anaanza kwa kukaa na kusikiliza, bila kukatisha, bila kuhukumu, na bila kuyatoa nje aliyoyasikia.

Haja ya kazi hii Mbeya na Iringa ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulionyesha kuwa Tanzania Bara, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, karibu 7 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Katika mikoa yetu miwili walikuwa zaidi ya 13. (Mbeya wakati huo ilikuwa pamoja na Songwe ya leo, na Iringa pamoja na Njombe.) Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na kwa wazazi wengi zilikuwa zimechelewa. Waliokuwa watoto miaka ile, leo ni baba na mama wa wanafunzi wetu, na wamo miongoni mwao ambao hawajapata kuulizwa na mtu yeyote namna walivyoupokea msiba ule. Kisha kuna barabara kuu. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Maradhi humpa mtu muda wa kuaga. Barabara haimpi: asubuhi umemfungia mwenzio chakula cha njiani, mchana unapigiwa simu.

Sasa tumtazame Mtume (S.A.W.). Mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) aliuawa shahidi katika vita vya Muuta. Mtume (S.A.W.) alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane, Bi. Asmaa bint Umays (R.A.), akataka aletewe watoto, akawakumbatia na machozi yakamtoka. Hapo ndipo mama yao alipofahamu kuwa mumewe amekufa. Kisha akaagiza watu wapike chakula wawapelekee watu wa Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. (Sisi siku hizi tumeligeuza: mfiwa ndiye anayetafuta mchele wa kuwalisha waliokuja kumpa pole. Hatuingii hapa katika mjadala wa hitima, ila deni la chakula cha msibani ni msiba wa pili.)

Mambo hayakuishia siku hiyo. Baada ya siku tatu alirudi, akawaita tena wale watoto, akaleta kinyozi wakanyolewa nywele zao. Mmoja akamwambia amefanana na mzee fulani wa ukoo, mwingine akamwambia amefanana na yeye mwenyewe Mtume (S.A.W.). Mama yao alipotaja uyatima wao, akamtuliza kuwa asiwahofie ufukara ilhali yeye ni msimamizi wao duniani na akhera. Tuangalie, ndugu msomaji: aliwapangia watoto wale jambo dogo la kawaida, kunyoa, na akawaambia kuwa bado wana ukoo na wana wa kuwalea. Wanasihi waliosomea kazi hii wanafundishwa vivyo hivyo, kwamba mtoto aliyefiwa arudishiwe utaratibu wa maisha yake na ajue nani atamtunza.

Pengine mwanafunzi wa fiqhi atatukumbusha kuwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameona taziya mwisho wake siku tatu. Ni kweli, na sababu waliyoitaja ni kutomtonesha mfiwa kidonda. Maneno ya pole ndiyo yaliyowekewa kikomo. Kumtembelea, kumsikiliza na kumsaidia hakuna aliyekuwekea kikomo. Sharia yenyewe imempa mjane asiye na mimba eda ya miezi minne na siku kumi. Haikumtaka awe amepoa siku ya nne.

Tunalokosea zaidi ni kwa watoto. Tunawaambia, "Baba amesafiri," au "Mama amelala." Mtoto wa miaka minne hajaelewa bado kwamba kifo hakina kurudi, basi atakaa mlangoni kungoja, au ataogopa kulala. Mwambie kwa maneno mepesi: baba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, haumii, hatarudi, na sisi tunamuombea. Akirudia swali mara kumi, mjibu mara kumi. Usishangae ukimwona analia kisha baada ya dakika chache anacheza mpira. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande. Yatazame mengine: anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, mpole aliyekuwa mgomvi, aliyekuwa amehifadhi sura na sasa hakumbuki aya. Huyo hastahili bakora. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kitoto Abu Umair habari za kindege chake kilichokufa, wala hakumwambia kuwa kindege si kitu.

Na machozi? Mvulana wa Kihesa au Mwanjelwa anaambiwa mwanamume halii. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumtoa katika wenye subira. Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akaeleza kuwa machozi ni rehma. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kumlalamikia Mola.

Mikoa hii ina jambo lake la pekee. Wengi wetu tuna bibi au wajomba Wakristo, wa Tukuyu, wa Makete, waliozoea kusubiri ndugu wote wafike kabla ya kuzika. Sisi tunaharakisha. Mtoto anajikuta katikati ya pande mbili zinazonuniana juu ya kaburi la mama yake. Tuwaeleze jamaa mapema saa ya kuzika na sababu yake, na bibi apewe nafasi ya kuuaga uso wa mwanawe kabla haujafunikwa. Hilo halina ubaya katika dini yetu, na litamponya bibi kuliko hotuba.

Ipo huzuni inayozidi uwezo wa jirani na wa ustadhi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu mwaka 2022, limeitambua huzuni kali ya msiba inayopita miezi 6, ikavuka desturi ya jamii na dini ya mtu, na kumzuia kufanya shughuli zake. Mfiwa asiyekula, asiyelala, au anayesema bora naye afe, apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, na asiachwe peke yake. Kumpeleka si upungufu wa imani. Mtoto asiye na wa kumwambia anaweza kupiga Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, bila malipo.

Kwa walimu na wazazi tunaongeza hili. Andikeni katika daftari la darasa tarehe aliyofiwa kila mwanafunzi, kwa siri. Zipo siku zitakazomrudishia msiba: kufungua shule, matokeo ya mtihani, na zaidi ya zote, asubuhi ya Idd, wenzake wanapoongozana na baba zao kwenda kuswali. Asubuhi hiyo mtu ampitie nyumbani kwao mapema, mvua inyeshe au baridi ya Iringa iwe kali, waende pamoja.