Kiunzi kipi cha wavuti kitafaa Garsen?

MNAMO Agosti 2012 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yalizuka katika Delta ya Tana, na kufikia Januari 2013 zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa. Uvumi kwamba upande wa pili unajiandaa kushambulia ulichangia pakubwa kueneza hofu.

Ndipo shirika la Sentinel Project la Kanada, likishirikiana na iHub Research ya Nairobi, lilipoanzisha huduma iliyoitwa Una Hakika mwaka wa 2013. Mwenyeji aliyesikia jambo aliliripoti kwa arafa, likahakikiwa mashinani, kisha akarudishiwa jibu. Nyuma ya huduma hiyo palikuwa na programu ya wavuti, WikiRumours.

Anayekusudia kuunda programu ya aina hiyo leo hana budi kujiuliza: atumie kiunzi kipi cha vijenzi?

Kijenzi ni kipande cha ukurasa kinachobeba mambo yake yote pamoja: sura yake, data yake na jinsi kinavyoitikia kinapobonyezwa. Ni kama kuti katika paa; likioza huchomolewa likatiwa jingine, paa lisibomolewe. Kiunzi nacho ni zile fito zinazoyashikilia makuti.

Faida yake huonekana wazi katika kazi ya kuhakiki uvumi. Ripoti moja huonekana katika orodha, katika ramani na katika ukurasa wa majibu. Kurasa zikiandikwa kila mmoja kivyake, mhudumu anaweza kuandika “uongo” kwenye orodha, ilhali ramani ingali inasema “haijathibitishwa”. Pahali ambapo uvumi umewahi kumwaga damu, hilo si kosa dogo. Kwa vijenzi, hali ya ripoti huhifadhiwa pahali pamoja, na kila kadi inayoionyesha hubadilika papo hapo.

Viunzi vinavyotajwa mno ni React, iliyotolewa na Facebook mwaka wa 2013; Vue ya Evan You, ya 2014; Angular ya Google, ya 2016; na Svelte, iliyobuniwa na Rich Harris mwaka huo huo wa 2016.

Uzito ndio jambo la kwanza kupimwa. React hudai zaidi ya kilobaiti 40 zilizobanwa kabla hata ya mstari mmoja wa programu yako. Preact, inayofanana nayo, haifiki kilobaiti 5. Svelte hufanya kazi yake kubwa mapema, kwenye kompyuta ya mtayarishaji, hivyo simu hupokea msimbo mchache. Jijini Nairobi tofauti hiyo haihisiwi. Kwa simu ya bei nafuu kijijini, mtandao ukiwa dhaifu, inahisiwa sana.

Umri ni jambo la pili. Ushahidi, programu iliyobuniwa nchini Januari 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, baadaye ilijengewa sehemu ya kivinjari kwa AngularJS. Google ilipokoma kuitunza AngularJS mwishoni mwa 2021, Angular iliyoirithi ilikuwa kiunzi tofauti kabisa, na sehemu hiyo ya Ushahidi ikaandikwa upya.

Jambo la tatu, ambalo aghalabu hupuuzwa, ni nani atakayeitunza programu mwanakandarasi akishaondoka. Hapa React ina nguvu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotumiwa kote Kenya tangu 2011, huundiwa programu zake mpya kwa React, kwa hivyo wajuzi wake si haba.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kutafuta kiunzi kimoja kwa watu wote. Wahakiki wachache walioketi ofisini wakiwa na kompyuta wapewe React au Vue. Umma upewe arafa, na ukurasa mwepesi unaotayarishwa kwenye seva, usio na kiunzi chochote. Wahudumu wa nyanjani ndio wa kufikiriwa zaidi: mafuriko kama yale ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yanapokata barabara, ripoti sharti ibaki ndani ya simu hadi mtandao urejee. Svelte au Preact itamfaa mhudumu huyo.

Maneno ya Kipokomo, Kiorma na Kiswahili nayo yawekwe katika faili za kando, nje ya vijenzi, ili mfasiri ayarekebishe bila kumsubiri mtayarishaji programu.